Pumzi Inavyofika Kidarini

Siku ya pili ya Idi, nyumbani kwa shangazi yangu Ujiji, nilikaa uani kwenye kigoda nikiwa na kisu, karai la maji na sinia lenye ndege wa aina mbili waliokwisha kunyonyolewa: kuku wanne wa kienyeji, na njiwa sita waliotoka katika banda lililo nyuma ya nyumba. Shangazi alikuwa akichambua mchele karibu nami. Nilipompasua kuku wa kwanza, nikatoa matumbo, firigisi na maini, nikaichomoa nyongo kwa uangalifu isije ikapasuka, nilibaki na kile ambacho kila aliyewahi kusafisha kuku anakifahamu, yaani mapafu yasiyotaka kutoka. Hayaning'inii kifuani kama mapafu ya mbuzi. Yamejibana mgongoni, katikati ya mbavu, yakiwa na rangi ya waridi iliyokolea. Ukiyabandua kwa kidole gumba hutoka vipande vipande, na kila kipande kina mifereji iliyochorwa na mbavu zenyewe.

"Yatoe yote, mwanangu," shangazi alisema. "Yakibaki yanauchafua mchuzi."

Njiwa nao walikuwa hivyohivyo: mapafu yaleyale, mahali palepale, yamenata vilevile. Lakini nilipowalaza chali na kuwachuna ngozi ya kifua, niliona tofauti ambayo nimeiona tangu utotoni bila kuipa uzito unaostahili. Kidari cha kuku kilikuwa cheupe chenye wekundu wa mbali. Kidari cha njiwa kilikuwa chekundu cha kuiva, karibu na weusi, kama ini. Nilimwuliza shangazi sababu yake, naye hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Huyo ni wa kuruka," alijibu. "Kuku kazi yake kuchakura."

Mimi hufundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na wiki mbili kabla ya Idi mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa ameniuliza swali ambalo sikulitendea haki. Nilikuwa nimelieleza darasa kwamba ndege wana mapafu bora kuliko ya wanyama wanaonyonyesha, na kwamba ndiyo maana bata bukini wa kichwa chenye milia anaweza kuivuka Himalaya. Binti huyo alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama kuku naye ana mapafu hayohayo, mbona hawezi kuvuka hata ukuta wa shule?" Nilimjibu juujuu kwamba kuku ni mzito na amefugwa muda mrefu, nikaahidi kurudi na jibu kamili. Pale uani Ujiji, nikiwa na kuku mkono huu na njiwa mkono huu, nilitambua kwamba jibu lilikuwa mbele yangu, na kwamba vitabu ninavyofundishia vimeyasifu mapafu kwa haki lakini vimeishia njiani. Oksijeni ikishavutwa mapafuni, bado iko mbali sana na inakohitajika.

Swali lake lilinigusa kwa sababu nyingine pia. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kupanda Mlima Kilimanjaro pamoja na walimu wenzangu. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hana maandalizi yoyote ya hewa ya kule. Waongozaji walitusisitizia kwenda polepole, tukalala kambi baada ya kambi, tukanywa maji mengi, na bado usiku wa kuelekea kileleni, tukiwa tumekwisha kuipita kambi ya mwisho iliyo juu ya mita 4,700, nilianza kuihisi miguu yangu kama ya mtu mwingine. Kila hatua ilidai pumzi tatu. Kichwa kiliniuma kuliko homa yoyote niliyowahi kuugua. Mwongozaji alinibana kidoleni kifaa kidogo cha kupimia oksijeni ya damu, akaisoma namba kwa tochi, kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, wewe tunashuka." Kulipokucha, tukiwa njiani kuteremka, kunguru shingo-nyeupe alipita juu ya vichwa vyetu. Hakuwa akielea tu juu ya upepo. Alikuwa akipiga mabawa, kwa pigo zito lisilo na haraka, akipanda kuelekea kulekule nilikoshindwa kufika. Nilimtazama mpaka akawa nukta.

Tuanze na hewa yenyewe. Watu wengi husema kwamba milimani oksijeni ni kidogo, na kauli hiyo inahitaji kufafanuliwa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, asilimia 21 hivi, iwe ufukweni Kibirizi au kileleni Kibo. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ya chini hubebeshwa uzito wa hewa yote iliyo juu yake; ukipanda, uzito huo hupungua na chembe za hewa huachana. Kwenye mita 5,500 mgandamizo umebaki karibu nusu ya ule wa pwani, na juu ya Everest, kwenye mita 8,849, umebaki karibu theluthi. Mgandamizo huo ndio unaoifanya oksijeni ipenye kutoka katika hewa kuingia katika damu, na kutoka katika damu kuingia katika nyama. Hakuna pampu inayoivusha kuta hizo. Oksijeni huteremka yenyewe kutoka palipo na mgandamizo mkubwa kwenda palipo na mdogo, kama Mto Malagarasi unavyoteremka kuja ziwani, na ukipunguza kimo cha chanzo, maji hufika mwishoni yakijikokota. Mwili wowote unaoishi juu unakabiliwa na kazi moja: kuhakikisha kwamba mteremko huo mfupi haupotezwi bure kwenye kituo chochote cha njiani.

Kwa ndege kazi hiyo ni ngumu maradufu, kwa kuwa kuruka kwa kupiga mabawa hudai oksijeni mara kumi au zaidi ya ile inayotumika wakati wa kupumzika, na hewa nyepesi, mbali na kumpa oksijeni kwa shida, hulishika bawa kwa shida vilevile. Inabidi apige kwa nguvu zaidi ili asishuke. Anapata kichache na anadaiwa kingi.

Sasa mapafu, maana sitaki yaonekane kuwa nayadharau. Pafu la binadamu ni mfuko: hewa huingia na kutoka kwa mlango mmoja, hivyo pumzi mpya huchanganyika daima na mabaki ya pumzi iliyotangulia. Ndege amepangwa kwa namna nyingine. Mapafu yake hayatanuki wala hayasinyai kwa kiasi cha kuonekana, na ndiyo maana yanaweza kubanwa mbavuni yakakaa hivyo maisha yote. Kazi ya kuvuta na kusukuma hewa imekabidhiwa vifuko vya hewa, ambavyo kwa kawaida ni tisa, vilivyotandazwa kuanzia shingoni hadi tumboni, vyembamba kama utando wa kitunguu. Ukimsafisha kuku taratibu utaviona viking'aa kati ya matumbo kabla kisu hakijavipasua. Ndege anapovuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa safi huenda kwanza katika vifuko vya nyuma. Anapoitoa, hewa hiyo husukumwa kupita ndani ya mapafu. Akivuta tena, huhamia vifuko vya mbele. Akitoa tena, ndipo inapotoka nje. Pumzi moja hukamilisha safari kwa mivuto miwili, na ndani ya vijibomba vya mapafu hewa huelekea upande uleule wakati wote, ndege avute au atoe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walimvutisha mbuni pumzi moja ya oksijeni tupu, wakachunguza ingeonekana wapi kwanza. Ilionekana papo hapo katika vifuko vya nyuma, na katika vifuko vya mbele ikachelewa hadi mvuto uliofuata.

Hapa Kigoma tuna bahati ya kuwa na mfano mwingine mezani. Ukifunua shavu la mgebuka uliotoka kuvuliwa, utaona matamvua mekundu yaliyopangwa kama vitana. Maji huyapitia yakielekea upande mmoja na damu ikielekea upande wa pili, zikipishana, na kwa mpishano huo samaki huchuma karibu oksijeni yote inayoweza kuchumwa. Ndege hakufika hapo kabisa. Kwake damu huukata mkondo wa hewa kwa kupita ubavuni, katika vijishipa vingi sana vilivyojipanga kwenye urefu wa kila kijibomba, na vile vinavyokutana na hewa ikiwa bado mpya hubeba oksijeni nyingi kuliko vinavyokutana nayo imekwisha kutumika. Damu zote zikichanganyika, matokeo yake ni jambo lisilowezekana kwa pafu letu: damu inayotoka mapafuni inaweza kuwa na mgandamizo wa oksijeni mkubwa kuliko ule uliomo katika pumzi inayotolewa nje.

Mtu aliyetumia maisha yake kuyapima mambo haya kwa darubini ni John Maina, mwanasayansi wa Kenya aliyefanya kazi Nairobi na baadaye Johannesburg, na wanafunzi wetu wanastahili kulijua jina lake. Kazi yake imeonesha jinsi ukuta unaotenganisha hewa na damu katika pafu la ndege ulivyo mwembamba kuliko wa mnyama mwenye uzito uleule, na jinsi eneo la kupokelea oksijeni lilivyo kubwa ingawa pafu lenyewe ni dogo. Ukuta huo unaweza kuwa mwembamba kiasi hicho kwa sababu pafu halivutwi huku na kule kila pumzi. Kile kinachomsumbua mpishi, yaani mapafu yaliyoganda mbavuni, ndicho kinachompa ndege wembamba huo.

Faida yake ilioneshwa waziwazi miaka ya 1960, pale Vance Tucker alipowaweka shomoro na panya ndani ya chumba kilichopunguzwa hewa hadi kulingana na mita 6,100. Panya walilala kifudifudi, hawajiwezi. Shomoro waliendelea kuruka, ingawa himoglobini yao haikuwa na ubora wowote wa kujivunia mbele ya ile ya panya. Sehemu ya siri ni mapafu, na sehemu nyingine ni ubongo: binadamu akihema sana milimani huipoteza hewa ukaa iliyomo katika damu, na upungufu huo huifanya mishipa ya ubongo isinyae, akaona kizunguzungu. Mishipa ya ubongo wa ndege haisinyai kwa sababu hiyo. Anaweza kuhema kwa kina kadiri anavyotaka na kichwa chake kikabaki na damu yake.

Hayo yote, hata hivyo, kuku anayo. Vifuko vya hewa anavyo, mkondo wa upande mmoja anao, ukuta mwembamba anao. Kama mapafu yangekuwa mwisho wa hadithi, kuku wangekuwa wakipita juu ya Kilimanjaro kila msimu. Hivyo inabidi tuifuate oksijeni mbele zaidi.

Kituo cha pili ni moyo, nao nitaupita haraka: moyo wa ndege ni mkubwa kuliko wa mnyama anayenyonyesha mwenye uzito sawa, na kila pigo husukuma damu nyingi. Kituo cha tatu ndicho chenye mengi. Himoglobini, ile protini nyekundu ndani ya seli za damu, hufanya kazi mbili zinazopingana. Mapafuni inatakiwa ikamate oksijeni, na kwenye misuli inatakiwa iiachie. Ikishika kwa ulegevu, haitajaa kule juu kwenye hewa nyepesi. Ikishika kwa nguvu kupita kiasi, itafika kwenye msuli imejaa na kurudi imejaa, kama basi lisiloteremsha abiria.

Bata bukini wa kichwa chenye milia, Anser indicus, huishi India majira ya baridi na kuzaa katika nyanda za juu za Tibet na Mongolia, na kila mwaka huivuka Himalaya mara mbili. Ndugu yake, bata bukini wa kijivu wa Ulaya, Anser anser, huishi mabondeni. Himoglobini zao zinakaribia kufanana kabisa, ila zinatofautiana katika asidi amino chache, yaani vile vipande vinavyoungana kuwa protini. Mwaka 1983 Max Perutz, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 kwa kulionesha umbo la himoglobini, alinyoosha kidole kwenye mojawapo: nafasi ya 119 katika mnyororo wa alfa, mmoja wa minyororo inayoiunda himoglobini, ambapo asidi amino iitwayo prolini imebadilishwa na nyingine iitwayo alanini. Alanini ni ndogo, haifiki kuugusa mnyororo wa beta ulio jirani, na kwa kupotea mguso huo mmoja himoglobini hupata wepesi wa kukaa katika umbo linalopenda oksijeni. Mwaka 1991 mabadiliko hayohayo yaliingizwa katika himoglobini ya binadamu, nayo ikaanza kushika oksijeni kwa nguvu zaidi. Kinachonisisimua kuliko yote ni bata bukini wa Andes, Amerika ya Kusini, ambaye si ndugu wa karibu wa yule wa Asia. Yeye ana badiliko katika mnyororo wa beta, nafasi ya 55, ambayo ndiyo inayoshiriki mguso huohuo kwa upande wa pili. Milima miwili iliyo mbali, ndege wawili, na kiungo kilichokatwa ni kilekile kimoja, huyu amekikatia huku na yule kule.

Je, damu inayokamata namna hiyo inaachiaje? Msuli wenyewe husaidia. Unapofanya kazi hutoa joto na asidi, na vyote viwili huilegeza himoglobini; ubaridi huikaza. Kwa hiyo damu inayopita karibu na hewa baridi ya mapafuni hujaa kwa urahisi, na inapofika kwenye kidari chenye moto hufunguka. Jessica Meir, ambaye baadaye alikwenda angani kama mwanaanga, aliwalea bata bukini wa aina hii tangu walipoanguliwa, wakamzoea kama mama, kisha akawazoesha kuruka ndani ya njia ya upepo, yaani handaki la maabara linalopulizwa hewa ili ndege aruke bila kusonga mbele, huko Vancouver wakiwa wamevaa barakoa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Baadhi yao waliruka wakivuta hewa yenye oksijeni inayolingana na ile ya mita 9,000. Mapigo ya moyo hayakuzidi yale ya hewa ya kawaida. Walipunguza matumizi ya mwili, na damu iliyokuwa ikirudi moyoni ilipoa, jambo linaloisaidia kubeba oksijeni zaidi.

Sasa tumefika kwenye kidari, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ukiangalia kidari cha ndege yeyote utaona kuna minofu miwili kila upande. Mkubwa wa juu ndio unaolivuta bawa kwenda chini, na ndio unaombeba ndege. Chini yake umelala mnofu mdogo, ule ambao mpishi huuchomoa mzima ukiwa na kano nyeupe inayong'aa. Kano hiyo hupanda, ikapita katika tundu lililoachwa na mifupa mitatu begani, ikazunguka kama kamba kwenye kapi, na hivyo msuli ulio chini ya bawa huweza kuliinua bawa juu. Minofu hii ndiyo inayodai oksijeni. Sasa kata mnofu mkubwa wa kuku na ule wa njiwa, uvitazame vipande bega kwa bega. Kidari cha kuku kimejaa nyuzi nene, zenye mitokondria chache, yaani vile viwanda vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nishati, na mishipa midogo michache, zinazochoma sukari iliyohifadhiwa bila kungoja oksijeni. Nyuzi hizo zina nguvu ya ghafla na huchoka upesi. Kanga wa porini huko Tabora huishi kwa mtindo huo: ukimshtua huinuka kwa kishindo, hupiga mabawa kwa nguvu kubwa, na baada ya mwendo mfupi hutua na kukimbia kwa miguu. Kidari cha njiwa, kwa upande wake, kina nyuzi nyembamba nyingi na nyuzi nene chache za kumsaidia kujirusha. Zile nyembamba zimejaa mitokondria, zimejaa mayoglobini, protini nyekundu inayoishika oksijeni ndani ya msuli, na zimefungwa na mishipa midogo iliyosukwa kuzizunguka kama wavu. Wekundu ule anaouona shangazi ni rangi ya hazina na rangi ya njia zinazoileta.

Wembamba wa uzi una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Kutoka mapafuni hadi kwenye msuli oksijeni imebebwa na damu, na damu husukumwa na moyo. Lakini kutoka katika mshipa mdogo hadi ndani ya uzi wa msuli haibebwi na chochote. Inajipenyeza peke yake, kwa ule mteremko wa mgandamizo niliousema, na kule juu mteremko uliobaki ni mdogo mno. Masafa hayo hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na bado ndiyo yanayoamua. Mtu wa Kigoma ataelewa: bidhaa inaweza kutoka Dar es Salaam kwa treni, ikapita Tabora, ikafika stesheni yetu salama, na mwanakijiji wa pembezoni mwa ziwa akabaki hana kitu kwa sababu hakuna boti ya kuifikisha kwake. Dawa ya tatizo hilo ni kuongeza mitumbwi, au kuisogeza nyumba karibu na gati.

Bata bukini wa kichwa chenye milia amefanya yote mawili. Graham Scott na wenzake walipokilinganisha kidari chake na vya bata na bata bukini wa mabondeni, walikuta mishipa midogo mingi zaidi kwa kila uzi, sehemu kubwa zaidi ya nyuzi zinazotumia oksijeni, na jambo ambalo nililisoma mara tatu kabla ya kuendelea: mitokondria zake zimesogea. Badala ya kutawanyika sawasawa ndani ya uzi, nyingi zimejikusanya ukingoni, chini ya utando wa nje, ubavuni mwa mishipa midogo. Nyumba zimehamia gatini. Hata moyo wake una mishipa midogo mingi zaidi katika chemba ya kushoto, ile inayoisukuma damu kwenda mwilini. Na ndege waliopimwa walikuwa wamelelewa chini, karibu na usawa wa bahari, bila kuwahi kuonja hewa ya milimani. Hawakuzoeshwa, wamezaliwa hivyo.

Ndiyo maana anaweza kufanya lile ambalo mimi sikuweza kwa siku tano. Waliofungwa vifaa vya setilaiti wameonekana wakiondoka nyanda za India na kupanda hadi upande wa pili wa milima kwa saa saba au nane, bila kusimama kuzoea hewa, na mara nyingi usiku na alfajiri, wakati hewa ina baridi na uzito zaidi. Kimo kikubwa kilichorekodiwa kwao kwa namna hiyo ni mita 7,290. Mara nyingi huwa chini zaidi, maana utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionesha kwamba huifuata ardhi, wakipanda penye mlima na kuteremka penye bonde, hata kama watalazimika kupanda tena baada ya muda mfupi. Kukaa kwenye kimo kikubwa wakati wote, katika hewa nyepesi, kungewagharimu zaidi.

Watu wanaponisikia nikisema hivyo hunitajia tumbusi wa Rüppell, yule anayeonekana pia Serengeti, ambaye mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Ni rekodi ya kweli, na damu yake ina himoglobini za aina nne zenye nguvu tofauti za kushika oksijeni, jambo la ajabu kubwa. Lakini nadhani tunakosea tunapomweka mzani mmoja na bata bukini. Tumbusi huelea. Hupandishwa na hewa ya moto na kukaa juu na mabawa yaliyonyooshwa, akitumia misuli yake kwa kiasi kidogo. Yeye anatuonesha jinsi uhai unavyoweza kuhimili kule juu. Swali la kidari kinachofanya kazi bila kupumzika analijibu bata bukini.

Wanalijibu pia wageni wetu. Mwaka 2021 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba ndege mdogo wa matetesini, Acrocephalus arundinaceus, mwenye uzito wa gramu 30 hivi, ambaye huja kukwepa baridi katika Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo, hupanda wakati wa mchana hadi juu ya mita 6,000 anapolivuka jangwa. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba ndege wa matopeni mwenye mdomo mrefu kama sindano ya magunia, Gallinago media, amerekodiwa karibu mita 8,700 akiwa safarini kati ya Ulaya na Afrika. Maelezo yanayotolewa ni kwamba hupanda huko mchana ili mwili usichemke kwa jua na kwa kazi ya misuli. Hao hawana mlima wa kuvuka. Ninapopita pembezoni mwa mabwawa ya Malagarasi mwezi wa Novemba, nikasikia sauti kavu ya kukwaruza ikitoka ndani ya matete, huwa nasimama.

Shangazi aliniruhusu kuondoka na kidari cha njiwa, kidari cha kuku na paja moja, nikavihifadhi kwenye friza hadi shule ilipofunguliwa. Jumatatu niliviweka juu ya meza ya maabara, nikamwita yule binti aliyeuliza swali. Alivichana kwa kijiti, akaona nyuzi. Akakibonyeza kipande cha kidari cha kuku juu ya karatasi nyeupe, kikaacha unyevu usio na rangi. Akakibonyeza cha njiwa, karatasi ikashika wekundu uliosambaa. Nikamweleza mishipa, mitokondria na mayoglobini, kwa utaratibu huu niliouandika hapa, na darasa zima likasogea. Yeye hakuwa akinitazama tena. Alikuwa ameligeuza paja la kuku, akalikata, akaona kwamba ni jekundu kuliko kidari cha kuku yuleyule, akalibonyeza karatasini.

"Mwalimu," alisema, "huyu anatembea kutwa."